NYUMBA NA MAKAZI: Sakafu Njema Huanzia Chini ya Rangi

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Neno hilo lina ukweli wake shambani, ambako mvua haimngojei mtu apime mipini. Lakini katika kazi ya kupaka sakafu ya banda la gari mambo huwa kinyume chake. Hapo asiyechagua ndiye asiye mkulima. Atanunua madebe ya rangi kwa fedha alizozikusanya miezi mingi, ataipaka Jumamosi kwa furaha, na kabla ya mwaka kwisha ataikuta imebanduka vipande vipande kama maganda ya muhogo, mingine ikiwa imenata kwenye matairi ya gari lake mwenyewe.

Rangi ngumu ya sakafu iitwayo epoksi imepata sifa kubwa miaka hii. Katika mji wa Lilongwe, uliochukua nafasi ya Zomba kuwa makao makuu ya Malawi mwaka 1975, zipo nyumba nyingi zenye banda la gari lililoungana na jiko au chumba cha kulala. Mwenye nyumba huona sakafu ya saruji ikitoa vumbi kila ifagiliwapo, ikinyonya oili na kuacha madoa meusi, naye hutamani ing'ae kama sakafu ya hospitali. Kiasi cha kilomita 50 kutoka hapo, wilayani Dowa, ipo kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, ambako Kiswahili husikika sokoni, makanisani na misikitini. Huko banda la gari ni nadra. Yapo hata hivyo mabanda ya mafundi wa baiskeli, pikipiki na cherehani, na zipo nyumba za matofali mabichi ambamo sakafu ni ardhi yenyewe.

Sakafu hizi mbili zaonekana kuwa mbali sana, lakini kanuni inayozitawala ni moja: kinachodumu hakitokani na kile kinachong'aa juu, bali na jinsi cha chini kilivyoandaliwa.

Epoksi ni kitu gani?

Msomaji aliyewahi kuunganisha kikombe kilichovunjika kwa gundi ya Araldite anaifahamu epoksi tayari. Gundi ile huuzwa katika vibomba viwili. Kila kimoja peke yake hubaki laini, lakini vikichanganywa huanza kupata joto na kugeuka kitu kigumu kisichoyeyuka tena. Elimu hiyo ilitokana na kazi za Pierre Castan wa Uswisi na Sylvan Greenlee wa Marekani katika miaka ya 1930 na 1940, na gundi yenye jina hilo ilionyeshwa hadharani huko Uswisi mwaka 1946.

Rangi ya sakafu ni ndugu wa gundi hiyo. Debe moja lina utomvu, la pili lina kigandishi, ambacho mafundi wengi hukiita hadina. Rangi ya kawaida ya mafuta hukauka kwa kuvuta hewa, na ya maji hukauka maji yake yakiondoka. Epoksi haikauki kwa njia hizo. Hugandishwa kwa kuungana kwa vitu viwili hivyo, kwa kipimo alichokiweka mtengenezaji. Kwa hiyo mtu anayezidisha hadina akidhani itawahi kuganda anajidanganya. Ziada hiyo haina wa kuungana naye, nayo sakafu hubaki na unyevunyevu wa kunata au huwa dhaifu.

Hapa ndipo palipo mtego wa kwanza wa dukani. Zipo rangi zinazouzwa katika debe moja, zenye neno epoksi limeandikwa kwa herufi kubwa. Rangi hizo zaweza kufaa kwa stoo au ukumbi wa kupita kwa miguu, lakini si epoksi ya sehemu mbili, na hazitarajiwi kustahimili gurudumu. Mnunuzi asisome neno moja tu lililo mbele ya debe. Aligeuze asome nyuma: je, lina sehemu ya pili? Vipimo vyake ni vipi? Kiasi cha kitu kigumu kinachobaki baada ya kuganda ni asilimia ngapi?

Adui wa kwanza ni maji yatokayo chini

Watu wengi hudhani adui wa rangi ya sakafu ni gari. Gari ni la pili. La kwanza ni maji, na maji yenyewe si yale yanayomwagika juu, bali yale yanayopanda kutoka ardhini. Zege laonekana gumu kama jiwe, kumbe limejaa vitundu vidogo mno, na maji hupanda humo kama mafuta ya taa yapandavyo katika utambi. Maadamu sakafu iko wazi, unyevu huo hutoka na kupotea hewani bila mtu kuuona. Siku sakafu inapofunikwa kwa epoksi, unyevu hukosa mlango, huisukuma rangi kutoka chini, na malengelenge hutokea.

Mjenzi mwema hutandika karatasi nene ya plastiki juu ya ardhi iliyoshindiliwa kabla ya kumwaga zege. Nyumba nyingi za zamani hazina karatasi hiyo, na mwenye nyumba aliyeinunua au kuipanga hawezi kujua kwa kutazama. Ipo njia ya kujua isiyogharimu karibu kitu. Achukue kipande cha plastiki isiyopitisha maji, upana wa kiasi cha sentimita 45 kila upande, akitandaze juu ya sakafu safi, na kukifunga kingo zote nne kwa utepe wa kunata ili hewa isipite. Akiache kwa saa zisizopungua 16, kisha akifunue. Akikuta matone ya maji chini ya plastiki, au sakafu imebadilika rangi kuwa nyeusi kuliko pembeni yake, basi sakafu hiyo haijawa tayari. Jaribio lirudiwe sehemu kadhaa, hasa karibu na kuta na pembeni mwa mlango.

Ni vyema pia kujua wakati wa kupima. Malawi ina masika yanayoanza kwenye Novemba na kuendelea mpaka Aprili. Sakafu iliyopimwa mwezi wa Septemba, ardhi ikiwa imekauka, yaweza kutoa jibu zuri, ilhali Februari jibu lake lingekuwa jingine. Mwenye nyumba iliyo bondeni au karibu na ardhi ya chepechepe apime wakati wa mvua, na apake wakati wa kiangazi.

Sakafu mpya nayo isiharakishwe. Zege lililomwagwa leo lapaswa kunyweshwa maji siku zisizopungua 7 ili lipate nguvu, na kwa kawaida haliwekewi epoksi kabla ya siku 28. Tena siku hizo 28 si hati ya kuruhusu, kwa maana kipande cha plastiki ndicho chenye neno la mwisho.

Kuandaa ni zaidi ya nusu ya kazi

Baada ya maji huja uchafu. Mwenye nyumba amwage maji kidogo mahali mbalimbali. Yakinywewa haraka na sakafu, dalili ni njema. Yakisimama katika matone kama juu ya jani la mgomba, basi kuna oili, nta au rangi ya zamani, na epoksi haitashika. Nyumba ambazo sakafu zake zimesuguliwa kwa nta nyekundu miaka mingi zina taabu hiyo, kwa kuwa nta iliyoingia ndani ya vitundu haitoki kwa ufagio.

Madoa ya oili husuguliwa kwa sabuni kali ya kuondoa mafuta na brashi ngumu, huoshwa, kisha husuguliwa tena. Mahali ambapo gari lilivuja miaka mingi, oili huwa imezama sana, na pengine haina budi kuchimba sehemu hiyo na kumwaga zege jipya. Nyufa nazo zizibwe kwa dawa ya kuzibia iliyo ya ukoo wa epoksi. Lakini ufa unaoendelea kupanuka ni habari ya msingi, si ya rangi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na anayeufunika kwa rangi bila kuuliza sababu yake ataulipia mara mbili.

Baada ya hapo sakafu hukwaruzwa. Juu ya saruji iliyolainishwa kwa mwiko wa chuma hukaa ngozi nyembamba iliyo dhaifu. Rangi ikipakwa juu ya ngozi hiyo hushika ngozi, haishiki zege, nayo ngozi ikibanduka huondoka na rangi yote. Njia iliyo bora ni kuisaga kwa mashine yenye mawe ya almasi mpaka sakafu iwe na ukavu wa msasa kiganjani. Mashine hiyo si lazima inunuliwe. Majirani watatu wenye nia moja waweza kumkodi mwenye nayo kwa siku moja wakagawana gharama. Mwenye kusaga afunike pua na mdomo kwa kinyago kinachofaa, kwani vumbi la zege lina mchanga laini unaodhuru mapafu pasipo mtu kuhisi.

Wengine hutumia asidi badala ya mashine. Ikiwa hapana budi, asidi ndiyo imiminwe katika maji, kamwe si maji katika asidi, na sakafu ioshwe mara nyingi baadaye na kuachwa ikauke kabisa. Asidi ya betri ya gari isitumiwe hata kidogo. Huacha chumvi dhaifu juu ya saruji, na hivyo huharibu kile kilichokusudiwa kutengenezwa.

Hesabu ya debe

Sasa mwenye nyumba yuko dukani. Mbele yake yapo madebe ya aina tatu. Ya kwanza ni epoksi iliyochanganywa na maji, rahisi kupaka na yenye harufu ndogo. Ya pili imechanganywa na dawa ya kuyeyusha, yenye harufu kali na mvuke unaoshika moto. Ya tatu haina maji wala dawa ya kuyeyusha. Yote inayomiminwa hubaki sakafuni, na kwa kawaida ndiyo ya bei ya juu.

Msomaji asiyapime madebe hayo kwa bei ya lita. Ayapime kwa unene unaobaki. Hesabu yenyewe ni ya darasani: lita 1 ya kitu cho chote ikitandazwa juu ya mita moja ya mraba hufanya unene wa milimita 1. Chukulia banda la gari lenye upana wa mita 3 na urefu wa mita 6, yaani mita za mraba 18. Akitaka unene wa milimita 0.3 uliobaki baada ya kuganda, anahitaji lita 5.4 za ile isiyo na maji. Kwa epoksi ya maji ambayo nusu yake hupotea hewani, anahitaji lita 10.8 kupata unene ule ule, tena kwa kupaka mara kadhaa, kwa kuwa haipakwi nene kwa mkupuo mmoja. Debe lililoonekana rahisi laweza kuwa ghali baada ya hesabu hii. Lakini pia laweza kubaki rahisi kwa yule ambaye gari lake ni dogo na matumizi yake ni haba. Hesabu haimchagulii mtu, bali humwonyesha anachokinunua.

Kwa nini unene una maana? Gari linalorudi kutoka safarini lina matairi ya moto. Joto hilo, pamoja na vilainishi vilivyomo ndani ya mpira, hulegeza rangi nyembamba au iliyoshika vibaya. Tairi likipoa hujikaza, nalo huivuta rangi. Asubuhi gari likiondoka, rangi huondoka nalo. Rangi nene iliyogandishwa vyema juu ya zege lililosagwa huhimili jambo hilo zaidi.

Liko pia jambo la jua. Epoksi haipendi jua. Sehemu iliyo karibu na mlango wa banda hugeuka manjano na kutoa unga juu yake, ingawa haivunjiki upesi. Kwa sababu hiyo mafundi wazoefu hupaka juu yake tabaka la mwisho la rangi ya ukoo wa poliurethani, inayostahimili jua na mikwaruzo. Asiyeweza gharama hiyo achague rangi ya kijivu, ambayo haitangazi umanjano wala vumbi.

Mwisho, sakafu inayong'aa ikilowa ni kama samli. Mama aliyebeba ndoo ya maji, au mzee anayepita bandani kuelekea jikoni, aweza kuteleza na kuvunjika nyonga. Mchanga mkavu, mweupe na mwororo hunyunyizwa juu ya tabaka lililo bichi ili mguu upate pa kushika.

Majira na hatari

Lilongwe iko juu, kiasi cha mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai huwa wa baridi kali. Epoksi nyingi hazitaki kupakwa chini ya nyuzi 10 za Selsiasi. Zikikutwa na umande, huweka utando wa ukungu unaonata, na tabaka linalofuata halishiki. Basi majira mema ni kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi kabla ya mvua za kwanza, kazi ikianza asubuhi baada ya umande kuondoka. Oktoba, joto likiwa jingi, mchanganyiko huganda upesi zaidi. Uchanganywe kidogo kidogo, umwagwe sakafuni mara moja na kutandazwa. Ukiachwa umejaa ndani ya ndoo hupata joto, hufuka moshi na kuganda humo humo, fedha na ndoo vikapotea pamoja.

Katika miezi ya baridi huja kishawishi cha kuweka jiko la mkaa ndani ya banda ili rangi iwahi kuganda. Jambo hilo lisifanywe. Hewa ya sumu itokayo kwenye mkaa haina rangi wala harufu, na banda lililoungana na chumba cha kulala huipitisha kwa watoto waliolala. Aidha, mvuke na hewa ya jiko huharibu epoksi yenyewe. Na kama rangi ni ile yenye dawa ya kuyeyusha, moto karibu nayo ni mwaliko wa msiba.

Mikono nayo ilindwe. Epoksi mbichi huweza kuifanya ngozi ya mtu iikatae dawa hiyo maisha yake yote, akapata vipele kila aigusapo. Fundi avae glavu, na tone likimgusa alioshe kwa sabuni na maji, wala asilifute kwa petroli au dawa ya kuyeyusha, maana hivyo huiingiza ndani zaidi. Watoto wakae mbali mpaka sakafu igande. Kwa joto la kawaida mtu hutembea juu yake baada ya siku moja hivi, lakini gari lingoje kiasi cha siku 7, na zaidi kukiwa na baridi. Mume aliyengoja mwaka mzima kununua rangi hashindwi kuegesha gari nje juma moja.

Sakafu za Dzaleka

Dzaleka ilikuwa gereza katika utawala wa Dkt. Hastings Kamuzu Banda, ikafanywa kambi ya wakimbizi mwaka 1994. Ilikusudiwa watu wapatao 10,000 hivi. Kufikia mwaka 2023 walikuwa zaidi ya 50,000, wengi wao wakitoka Kongo, Burundi na Rwanda. Katika mwaka huo wa 2023 Serikali ya Malawi iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warejee kambini. Familia zilizokuwa zimezoea nyumba na maduka yenye sakafu za saruji mjini zilijikuta zikianza tena juu ya udongo.

Kwa mama wa nyumba aliye huko, maneno ya epoksi yaweza kusikika kama hadithi ya harusi ya watu wengine. Hata hivyo yeye ndiye mwenye jambo kubwa zaidi hatarini. Sakafu ya gari ikiharibika, aibu ni ya macho. Sakafu ya udongo ikiwa mbaya, mtoto atambaaye hula vumbi lake, na maji machafu yaliyomwagika hubaki humo na vijidudu vyake. Nchini Mexico, katika jimbo la Coahuila, serikali ilianza mwaka 2000 kuzimwagia saruji nyumba za maskini zenye sakafu za udongo. Watafiti waliochapisha matokeo mwaka 2009 walikuta kwamba kuiondoa kabisa sakafu ya udongo kulipunguza vimelea tumboni mwa watoto kwa asilimia 78 na kuhara kwa asilimia 49. Chumba kile kile, chakula kile kile. Kilichobadilika ni kile kilicho chini ya miguu.

Mwenye uwezo wa mifuko michache ya saruji aanze na chumba anacholala na kutambaa mtoto. Ashindilie ardhi, atandike plastiki, amwage zege jembamba lililo safi, na alinyweshe maji siku 7 bila kukosa. Fundi pikipiki naye ashughulikie kwanza eneo lile tu anapofungulia injini. Kwa banda la kuingiza gari dogo, unene usiwe chini ya sentimita 10, kwa kipimo kimoja cha saruji, viwili vya mchanga na vinne vya kokoto.

Asiye na uwezo wa saruji hajakosa kila kitu. Nchini Rwanda shirika la EarthEnable limejenga sakafu za udongo ulioboreshwa: tabaka la kokoto, kisha changarawe nyekundu, mchanga na udongo vilivyopimwa na kushindiliwa mpaka vikakaza, halafu juu yake mafuta ya mimea yanayokauka na kuwa kama vanishi. Mafuta hayo huingia ndani ya udongo na kugandamana nao, hata sakafu ikaweza kuoshwa. Ukitazama vyema, huo ni ujuzi ule ule wa epoksi kwa mkono wa maskini: chini pakavu, pashindiliwe, kisha pafunikwe na kitu kinachoganda.

Lakini si kila mafuta hukauka. Mafuta ya kupikia ya kawaida hubaki mabichi na kuita sisimizi. Oili chafu ya injini, ambayo watu wengine huimwaga bandani kuua vumbi na mchwa, haikauki kamwe, ina sumu, na mvua huichukua kuelekea visimani. Tena sakafu iliyokunywa oili leo haitashika rangi yo yote kesho. Mafuta ya kitani, ambayo hukauka, yana hatari yake: vitambaa vilivyolowa mafuta hayo vikirundikwa huweza kupata joto na kuwaka vyenyewe. Vitandazwe nje vikauke, au vitiwe katika kopo la maji. Katika kambi ambayo nyumba zimebanana, moto wa nyumba moja hauishii katika nyumba hiyo.

Wapo watakaouliza kama inafaa kugharimia sakafu mahali paitwapo pa muda. Swali hilo si la kupuuzwa, kwa kuwa sakafu haibebeki kama godoro. Lakini mtoto aliyezaliwa Dzaleka mwaka ule wa 1994 amekwisha kupita umri wa miaka 30, na miaka yote hiyo imepitishwa juu ya sakafu fulani. Minyoo haimwulizi mtu kama yupo kwa muda au kwa kudumu.

Uamuzi wa nyumbani

Askari wa jeshi na polisi wanaoishi katika nyumba za serikali wana swali lililo jirani na hilo. Leo yuko Lilongwe, kesho amehamishiwa Mzuzu au Mangochi, na nyumba ni mali ya umma. Yampasa kwanza aombe ruhusa ya wasimamizi wa majengo, kwa kuwa epoksi ikishika haitolewi ila kwa kusagwa. Akikubaliwa, bado ajiulize kama sakafu yahitaji epoksi, au yahitaji tu dawa ya maji inayopenya ndani ya saruji na kuikaza, ambayo huzuia vumbi, haibanduki, na kwa kawaida haina gharama kubwa kama epoksi. Haing'ai sana wala haizuii oili kama epoksi, lakini kwa nyumba ya kupita yaweza kutosha.

Mume na mke na wakae pamoja na kalamu na karatasi. Waandike: je, jaribio la plastiki lilionyesha ukavu? Sakafu hunywa maji? Nyufa zimetulia? Mashine ya kusaga itapatikana? Hesabu ya lita imefanywa kwa unene, si kwa bei? Wiki ya kazi iko kiangazi? Jibu la hapana likitokea katika maswali matatu ya kwanza, fedha ya rangi irudi katika kibubu, nayo itumike kutengeneza kile kilicho chini. Likitokea katika matatu ya mwisho, kazi ingoje tu. Saruji ina subira. Imengoja miaka, haitashindwa miezi mitatu.